Tulipowapiga Picha Watu wa Nyumbani Mwetu



Kikundi chetu cha parokia kimeamua kutundika ukutani mwa ukumbi picha za wakati wa karantini ya Corona. Wazo ni zuri, nami nililiunga mkono tangu siku ya kwanza. Kila mmoja wetu ameombwa alete picha kumi alizopiga nyumbani kwao kati ya Machi na Agosti 2020, wakati shule na makanisa vilipokuwa vimefungwa. Katika kikao chetu cha mwisho, hata hivyo, likazuka jambo lililotugawa. Mwenzetu mmoja aliuliza kama imetupasa kuwaomba ruhusa wale wanaoonekana katika picha hizo. Wengi wakacheka. Mama yangu nimwombe ruhusa? Mdogo wangu niliyembeba mgongoni? Picha nimeipiga kwa simu yangu, ndani ya nyumba yetu, na wote ni damu yangu. Shauri likaahirishwa kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, nasi tunaopanda na kushuka vilima vya Kadutu twajua maana ya mvua.

Mimi sikucheka, lakini pia sikusema kitu. Naandika hapa yale niliyopaswa kuyasema pale. Kwa maoni yangu, mtu wa nyumbani ndiye anayestahili kuombwa ruhusa kuliko watu wengine wote. Sababu ninayo, wala si ya kujivunia.

Turudi kwanza kwenye siku zenyewe, maana baadhi yenu mlikuwa wadogo. Mgonjwa wa kwanza nchini mwetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 Rais wa Jamhuri alitangaza kwamba shule, vyuo vikuu na makanisa vitafungwa, na kwamba mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 imekatazwa. Tarehe 24 ikatangazwa hali ya dharura. Mwezi wa Aprili komini ya Gombe huko Kinshasa ikafungwa, watu wakakaa ndani kweli. Kwetu Bukavu, tusidanganyane, hatukufungiwa kama walivyofungiwa watu wa Italia. Neno karantini lenyewe latoka kwao, katika zile siku 40 ambazo merikebu zilingojeshwa bandarini Venice zamani za tauni. Lakini mtu anayekula jioni alichokipata asubuhi, nani atamfungia siku 40? Tuliendelea kushuka kuchota maji, tuliendelea kwenda sokoni tukiwa na barakoa, ile tuliyozoea kuiita cache-nez, mara nyingi ikiwa imeshuka chini ya pua. Karantini yetu ilikuwa ya namna nyingine: kila kilichokuwa kikitutoa nyumbani kilikwisha, na nyumba ikajaa.

Mama yangu alikuwa akivuka mpaka wa Ruzizi kila asubuhi kwa jeto yake, akinunua nyanya na vitunguu upande wa Kamembe na kuviuza kwetu. Mpaka ulifungwa mwezi huohuo wa Machi. Baba ni mwalimu wa shule ya sekondari. Sehemu kubwa ya kilichomlisha ilitoka katika mchango wa wazazi wa wanafunzi, na wanafunzi wasipokuja, mchango hauji. Katika majuma mawili nyumba yetu ya mbao, yenye vyumba viwili na sebule, ikawa na watu wanane mchana kutwa, na wawili kati yao walikuwa hawajui wafanye nini na mikono yao.

Ndipo nilipoanza kupiga picha. Sikuwa na nia kubwa. Nilikuwa na simu niliyoinunua ikiwa imetumika, kioo chake kimepasuka pembeni, na nilikuwa na muda. Umeme ulikuja kwa zamu isiyojulikana na mtu, hivyo simu ilichajiwa katika kibanda cha jirani kwa franka chache. Kwa sababu hiyo sikupiga ovyo. Kabla ya kubonyeza nilijiuliza kama jambo lile lastahili kunipunguzia moto wa simu.

Katika miezi ile mitano nilipiga picha 214. Nyingi ni za vitu ambavyo nisingeviangalia mara mbili. Kuna beseni la mama, lile la kubebea nyanya, limetundikwa msumarini juu ya mlango, jeupe kwa vumbi, mahali ambapo halikuwa limewahi kukaa zaidi ya usiku mmoja. Kuna bido sita za njano zimepangwa kwenye ngazi za udongo, kila moja ikiwa na kizibo cha rangi yake, na ya mwisho imezibwa kwa ganda la ndizi. Kuna mdogo wangu wa kike ameketi kizingitini na daftari mapajani, nusu yake juani, nusu yake gizani, kwa kuwa ndani hapakuwa na mwanga wa kuandikia. Kuna sahani ya sambaza iliyogawanywa kwa macho kabla ya kugawanywa kwa mkono. Nyumba ya mbao ina neema yake: saa kumi jioni jua hupita katika nyufa za ukuta na kuchora mistari sakafuni, na yeyote anayekaa hapo huwa kama amevaa nguo mpya. Nilikuwa nimelala katika nyumba ile miaka 19 bila kuiona mistari hiyo.

Kuna pia picha ya Pasaka, tarehe 12 Aprili. Mama alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ndogo, akaweka msalaba, mshumaa na redio. Misa ikasomwa redioni. Ilipofika Injili, baba alisimama wima kama tulivyozoea kanisani, ingawa hakuna aliyemwona isipokuwa sisi, nasi tukasimama mmoja baada ya mwingine. Kitinda mimba alikuwa amelala. Katika picha yangu wanaonekana miguu tu ya waliosimama, na redio katikati. Naipenda kuliko zote.

Nataka niseme jambo moja juu ya faida ya kazi hii, kwa maana sitaki mfikiri nimekuja kuilaumu kamera. Nilidhani kwamba mama, baada ya mpaka kufungwa, alikuwa anapumzika. Hata nilimwambia mtu hivyo. Kisha mwezi wa Mei nilipokuwa nafuta picha zilizoharibika ili nipate nafasi, niliona kwamba simu huandika saa chini ya kila picha. Picha ya kwanza ya mama kila siku ilikuwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Ya mwisho ilikuwa baada ya saa tatu usiku. Nikatafuta katika mwezi mzima wa Aprili picha moja ambayo mama ameketi na mikono yake haina kitu. Haikuwapo. Anachagua maharage, anasonga ugali, anatwanga sombe, anashona barakoa kwa mkono kutoka kitenge cha zamani, anamkuna mtoto mgongo. Niliishi naye katika vyumba viwili na bado nilihitaji simu iniambie. Tangu siku hiyo bido mbili za asubuhi zikawa zangu. Sisemi hivyo nijisifu. Zilipaswa kuwa zangu tangu zamani.

Hatukuwa peke yetu. Mwaka ule, pande nyingi za dunia, watu waliofungiwa waligeuza kamera ndani. Huko Uingereza jumba la makumbusho la picha za watu, National Portrait Gallery la London, liliwaalika wananchi watume picha za maisha yao ya karantini. Kwa majuma sita tu zikaja picha 31,598, na 100 zikachaguliwa zionyeshwe. Karibu nasi zaidi, kulikuwa na kazi iliyoitwa Congo in Conversation. Mpiga picha Finbarr O'Reilly alikuwa amepata tuzo ya Carmignac ili aifanye kazi nchini mwetu, lakini janga likamzuia kusafiri. Akawaomba Wakongomani wenyewe, wapiga picha na waandishi wa habari, waieleze nchi yao kwa macho yao. Mmoja wao ni Arlette Bashizi, kijana wa Kivu, aliyepiga picha ya mdogo wake akisoma nyumbani Goma shule zikiwa zimefungwa. Nilipoiona picha hiyo baadaye niliduwaa. Ilikuwa kama kizingiti cha kwetu. Sikujua kwamba ng'ambo ile ya ziwa kulikuwa na dada mwingine anayemwangalia mdogo wake akihangaika na daftari.

Lakini kuna tofauti ambayo naona haijasemwa vya kutosha. Picha kubwa za janga lile, zile ambazo dunia nzima inazikumbuka, ni picha za utupu. Barabara tupu, viwanja vya ndege vitupu. Iliyo kuu kati ya zote ni ile ya tarehe 27 Machi 2020: Baba Mtakatifu Fransisko peke yake jioni ya mvua, mbele ya uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, akitafakari ile dhoruba ya ziwani katika Injili ya Marko. Ukiziangalia picha hizo miaka hamsini ijayo utasema kwamba ugonjwa ule ulikuwa ugonjwa wa upweke. Kwetu haukuwa hivyo. Tulikosa mahali pa kulia bila kuonwa. Tulikosa mahali pa kuvaa. Dada zangu waliogea nyuma ya pazia la gunia kwa zamu, huku wanaume wameambiwa waangalie ziwa. Kama ukumbi wetu utaonyesha jambo moja ambalo London na Roma hazikuonyesha, basi na liwe hili: wingi wa watu, magoti yaliyogusana, vikombe vitatu kwa vinywa vinane. Na hapohapo ndipo tatizo langu lilipo. Mahali pasipo na mlango wa kufunga, kamera inaingia kila mahali.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwezi wa Mei, siku ya Jumamosi, baba alikuwa uani anamshonea mdogo wangu kiatu. Alikuwa amekaa juu ya bido iliyolazwa, amevaa fulana iliyochanika begani, suruali imekunjwa hadi magotini, uzi ameubana kwa meno. Mwanga ulikuwa wa ajabu. Nilisimama mlangoni nikapiga mara tatu, hakugeuka. Picha ya pili ilikuwa nzuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga. Nikaituma katika kikundi chetu cha WhatsApp, mnakumbuka, kile tulichokianzisha ili tusipoteane. Mliisifu. Nami nilifurahi mno kusifiwa.

Kufikia Jumatatu mtu alikuwa ameichukua na kuiweka katika statusi yake, akiandika juu yake kwamba Corona imemfanya Mwalimu kuwa fundi viatu, na vicheko vitatu vya machozi. Simtaji, wala sidhani alikuwa na ubaya. Ilikuwa mzaha wa siku moja. Lakini wanafunzi wa baba wana simu, na wazazi wao wana simu. Mzazi mmoja alikutana naye njiani akampa franka elfu tano, akamwambia, pole Mwalimu, tumeona. Baba hakuwa ameona chochote. Alizipokea, akarudi nyumbani, akaniomba nimwonyeshe.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliitazama, akanirudishia simu, akaniambia polepole: "Mwanangu, wakati wa vita walikuja watu na kamera zao kubwa wakatupiga picha tukiwa tumelala chini. Hawakunijua. Wewe unanijua."

Kesho yake alihamisha kiti chake kutoka uani hadi ndani, mahali penye giza, na akakaa humo karibu majuma matano. Kila niliposhika simu, hata kwa kuangalia saa, alikuwa anaweka mkono kifuani kama mtu anayetafuta kifungo. Viatu vilivyobaki vilishonwa usiku.

Nimelifikiri neno lake kwa muda mrefu, kwa sababu sisi Wakongomani tunayo historia ndefu ya kupigwa picha na wengine. Wengi wenu mmeiona ile picha ya mwaka 1904 ya mtu aitwaye Nsala, ameketi kwenye baraza ya misheni huko Baringa, akiangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira, wakati nchi hii ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II. Aliyeipiga ni mwanamke mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, Alice Seeley Harris. Picha zake zilionyeshwa kwa taa za ukutani katika miji ya Uingereza na Marekani, watu wakalia, wakakasirika, wakadai, na mwaka 1908 mfalme alilazimika kuiachia nchi aliyokuwa akiitawala peke yake. Hivyo siwezi kusema kwamba picha ya baba aliyedhalilika ni dhambi siku zote. Iko picha ya namna hiyo iliyookoa watu.

Lakini tazameni mambo mawili. Nsala mwenyewe ndiye aliyekuja pale misheni akibeba alichobaki nacho, ili waone. Hakuviziwa mlangoni mwa nyumba yake. Na picha yake ilikuwa na mshtakiwa. Yeyote aliyeiona aliuliza: nani amefanya hivi? Picha yangu ya baba haikumshtaki mtu. Haikuuliza kwa nini mwalimu wa miaka 22 hana mshahara wa kununua kiatu cha mtoto. Ilionyesha fulana tu, na mwanga mzuri begani. Basi watu wakafanya kile picha ilichowaruhusu wafanye: wakasifu, wakacheka, na aliyekuwa na moyo mwema akatoa elfu tano. Tumewalalamikia wageni mara nyingi, nasi tuna haki, kwamba hutuonyesha tukiwa tumeanguka. Mara ya kwanza kamera ilipokuwa mkononi mwangu, nikaielekeza palepale.

Mwezi wa Julai, hali ya dharura ikiwa karibu kwisha, baba alitoka chumbani asubuhi moja amevaa suti yake ya kahawia, ile ya kutangaza matokeo ya mtihani. Alikuwa ameamka usiku kuinyosha kwa pasi ya makala. Amefunga tai. Mkononi ana daftari la mahudhurio la darasa lake. Akasimama mbele ya ukuta wa mbao, visigino pamoja, akasema: "Sasa nipige."

Nikapiga, kwa heshima, lakini moyoni nilidharau. Nilijiona msanii. Nilisema moyoni kwamba hii si picha ya karantini, ni picha ya kitambulisho. Ni zile picha za albamu za wazazi wetu, za studio za zamani: pazia nyuma, maua ya plastiki juu ya kimeza, saa ya mkononi imesogezwa mbele ili ionekane, hakuna anayecheka. Sisi vijana tumezoea kuzicheka picha hizo. Tunasema wazee wanaigiza. Tunaamini kwamba ukweli wa mtu unapatikana pale asipojua kwamba anaangaliwa.

Siamini tena hivyo. Nimezitazama picha mbili za baba, ya fulana na ya suti, nikiziweka pamoja, na naona kwamba ya pili inasema mengi zaidi juu ya mwaka ule. Koti limekuwa kubwa. Tai imefungwa vizuri, lakini shingo haiijazi kola. Daftari la mahudhurio limefunguliwa, na ukikuza picha utaona safu za majina na miraba isiyojazwa kuanzia Machi. Mtu aliyekaa miezi minne bila darasa ameamka usiku, amewasha makala ambayo mama alikuwa anayahesabu, ili asimame mbele ya mtoto wake akiwa mwalimu. Hayo yote ni ya karantini. Tofauti yake na ile ya kwanza ni kwamba hii alinipa yeye.

Najua hoja ya upande wa pili, na mwenzetu mmoja aliniambia tukishuka ngazi siku ile ya kikao. Alisema: ukiomba ruhusa, kila mtu atavaa suti. Ukumbi utajaa suti na vitenge vya sikukuu, na wadogo zetu watadhani kwamba mwaka 2020 tulikuwa tunakwenda harusini. Hana kosa kabisa. Kitu kitapotea. Beseni la mama lisingependeza kama angelisafisha kwanza. Miguu ya Pasaka isingekuwapo kama ningesema, tafadhali simameni vizuri. Nakubali kupiga bila kutangaza. Mtu hawezi kuishi nyumbani akiomba ruhusa kila dakika, na wenye nyumba huzoea. Ninachokataa ni kutoka na picha hiyo nje ya mlango bila kurudi kwa mwenye sura. Kupiga ni jambo moja, kutuma ni jambo la pili, na kutundika ukutani mwa parokia, mahali ambapo jirani atapita kila Jumapili kwa mwezi mzima, ni la tatu. Mimi niliyafanya mawili ya kwanza kwa kidole kilekile, kwa sekunde kumi.

Napendekeza basi jambo rahisi. Kabla ya kuleta picha, kila mmoja akae na mwenye picha, amwonyeshe, si kwa kuielezea kwa maneno, bali kwenye kioo cha simu, ikiwa kubwa, na amwambie itatundikwa wapi. Watoto nao waulizwe; mtoto wa miaka tisa anajua vizuri sana kipi kitamfanya achekwe shuleni. Kwa waliofariki, jamaa zao waulizwe, na kama hawakubaliani wao kwa wao, picha ibaki nyumbani. Na zile zilizokataliwa zisifutwe kwa hasira. Zipelekwe studio, zichapishwe kwenye karatasi, ziwekwe katika albamu ya familia. Simu huibiwa na hufa. Mimi mwenyewe nilipoteza zaidi ya thelathini kati ya zile 214 maji ya mvua yalipoingia katika begi langu.

Juma lililopita nilianza kwangu. Mama aliitazama picha ya beseni, akacheka, akasema ichukue, lakini uandike chini kwamba sasa linafanya kazi tena. Nimeandika. Mdogo wangu, ambaye sasa ni msichana mkubwa, alikataa ile ya kizingitini. "Yaya, nywele zangu!" Nilimwambia kwamba hakuna atakayetazama nywele, kwamba ni picha ya mwanga na daftari, kwamba kuna picha inayofanana nayo iliyosafiri nchi nyingi. Akasema basi watundike hiyo. Nimeiacha. Miguu ya Pasaka imekubaliwa na wote, baada ya mabishano marefu juu ya miguu ipi ni ya nani.

Baba aliziomba zote. Alivaa miwani, akazipitisha moja moja kwa kidole, polepole, kama anasahihisha mitihani. Ile ya suti aliikubali bila neno. Alipofika kwenye ile ya fulana alikaa nayo muda mrefu. Aliikuza, akaangalia kiatu, akaangalia uzi katika meno yake. Kisha akaniuliza kama kile kiatu kilidumu. Nikamwambia kilidumu hadi shule zilipofunguliwa.

"Hii usiitundike," akasema. "Lakini usiifute."

Kwa hiyo nitaleta picha sita, wala si kumi. Nafasi zangu nne mwaweza kumpa mwingine.